Mji Uliohamishwa na Reli

Kila baraza la mji linapoketi kuamua iwapo mtaa uliofungwa ufunguliwe tena, maneno huwa ni yale yale: magari yatapita wapi, wenye maduka watapata nini, fedha zitatoka mfuko gani. Hayo ni maswali ya haki. Lakini lipo swali linaloyatangulia yote, nalo huulizwa kwa nadra: siku njia ile ilipofungwa, ni nani aliyetakwa shauri? Ili tulitafakari, msomaji, nakuomba tupande pamoja hadi Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako si mtaa mmoja tu bali makao mazima ya utawala yaliachwa nyuma.

Moshi ya asili ilikuwa mlimani. Hapo ndipo alipotawala Mangi Rindi, aliyefariki mwaka 1891, na baada yake mwanawe, Meli. Mwaka 1892 Meli aliwashinda Wajerumani. Mwaka uliofuata wakarejea kwa nguvu kubwa zaidi, wakamshinda, wakaweka boma lao papo hapo. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine. Hivyo, kwa wenyeji na kwa wageni waliowatawala, mwenye haja na serikali alikuwa hana budi kupanda.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikaenda mwendo wa kobe: Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Lakini garimoshi halikwei mlima kwa wepesi. Likakomea uwandani, chini ya boma. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na reli ilifanya hivyo hasa. Ofisi zikateremka, biashara ikazifuata, hata jina nalo likateremshwa: mji mpya ukaitwa Neu-Moschi, na mama aliyeuzaa akabaki kuwa Alt-Moschi, yaani Moshi ya kale.

Mimi ambaye kazi yangu ni kufasiri siwezi kulipita neno hilo bila ya kusimama. Lilitoka Kijerumani likaingia Kiingereza, na hapo likakwama. Leo zipo kata mbili, Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi. Pande za dunia zimepata Kiswahili chake. Ukale umebaki wa kigeni, kana kwamba hukumu ile haijapata kusomwa kwa lugha ya waliohukumiwa.

Hata hivyo dunia ni duara. Mji wa chini ulistawi, ukawa makao ya KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa mwaka 1933. Lakini reli iliyouzaa nayo ikazeeka. Mabasi na malori yakaishinda, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma. Sisi wa visiwani msiba huo tuliutangulia: reli yetu ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905 na kupita katikati ya nyumba za Darajani, ilikufa kabla ya mwaka 1930, wala haikufufuka. Ya Moshi imefufuka. Mwaka 2019 treni ya mizigo ilirejea, na mwezi Desemba mwaka huo huo ikafuata ya abiria kutoka Dar es Salaam. Mwaka 2020 ikafika tena Arusha.

Nani asiyefurahi njia inapofunguliwa? Na mimi nafurahi. Lakini njia iliyolala miaka mingi huota majani, kisha huota watu. Mmoja huweka meza ya nyanya, mwingine hupanda mahindi, wa tatu hujenga kibanda na kulea watoto. Siku ya kuifungua, hao ndio wanaofungiwa. Kwa hiyo kufungua njia si kurudisha jana. Ni kuamua upya nani apite na nani aondoke.

Wachagga waliujua uamuzi wa namna hii kabla ya boma na kabla ya reli. Mlimani kuna mifongo, yaani mifereji inayotoa maji mtoni na kuyapeleka migombani. Mfongo nao hufungwa na kufunguliwa, lakini si kwa amri ya mpita njia. Wanaoutumia hukutana, hupanga zamu, huutengeneza pamoja, na asiyefika kazini hutozwa faini. Mwenye shamba la mwisho, ambako maji hufika yamepungua, naye ana zamu yake.

Mwaka 1911 mji ulihamishwa bila ya kikao cha namna hiyo, na Old Moshi ikabaki na neno ambalo haikulichagua. Baraza lo lote linaloketi leo juu ya mtaa uliofungwa lina hiari ya kumwiga mwenye reli au mwenye mfongo. Likimwiga wa pili, na lianze kumsikiliza yule aliye mwisho wa mfereji.