Chokoleti maabarani: toka vumbi jekundu mpaka kadimiamu

Leo tuache kidogo habari za boom na mitihani, tuongee chokoleti. Ndiyo, ile ile mnayonunuliana Valentine. Imepimwa maabarani kwa zaidi ya miaka 170, na katika muda huo anayebebeshwa lawama amebadilika kabisa.

Tuanzie London. Mwanzoni mwa miaka ya 1850, jarida la madaktari, The Lancet, lilichapisha uchunguzi wa daktari Arthur Hill Hassall. Vyakula vilinunuliwa madukani, yeye akavitazama kwa hadubini. Kwenye kakao na chokoleti alikuta wanga wa kujazia, na nyingine zilitiwa udongo mwekundu ili rangi ikolee! Peremende ndio balaa, zilipakwa rangi zenye madini ya risasi. Jarida likaanika majina ya wauzaji hadharani. Mwaka 1858 kule Bradford, aseniki ikaingia kwenye peremende kwa kudhaniwa ni unga wa kujazia, watu wapatao 20 wakafa. Bunge likatunga sheria mwaka 1860, ikawa legelege. Ile ya 1875 ndiyo iliyobana kweli.

Kwa hiyo swali la enzi zile lilikuwa rahisi tu: nani katutapeli?

Baadaye vifaa vikabadilika. Mwaka 1955 Alan Walsh wa Australia alichapisha njia ya kupima madini kwa kuangalia mwanga unaofyonzwa na atomu. Hadubini inaona chembe ya udongo, lakini njia hii inasoma madini yaliyoyeyuka, ambayo jicho haliyaoni kamwe. Siku hizi tunahesabu mpaka nanogramu, yaani gramu moja ukiigawa mara bilioni.

Na majibu yakageuka. Utafiti wa mwaka 2005 ulipima kakao ya Nigeria: punje zilikuwa na wastani wa risasi usiozidi nanogramu 0.5 kwa gramu. Lakini bidhaa zilizokwisha kutengenezwa zilifika hadi 70 kwa chokoleti na 230 kwa unga wa kakao. Maana yake risasi nyingi inaingia njiani, baada ya shamba.

Kadimiamu ni kinyume chake. Mti wenyewe unaifyonza toka ardhini kwa mizizi, na sehemu kadhaa za Amerika Kusini, kama Ecuador, zinayo kwa wingi kuliko Afrika Magharibi. Kuanzia mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo: chokoleti yenye kakao asilimia 50 au zaidi isizidi miligramu 0.80 kwa kilo. Mwaka 2022 Consumer Reports la Marekani likapima chokoleti nyeusi 28, zote zikakutwa na risasi na kadimiamu.

Sasa hapo tapeli ni nani? Hayupo! Na ugumu uko hapo hapo. Sheria ya 1875 ilimbana mwenye duka aliyechakachua. Kikomo cha kadimiamu kinamfikia mkulima ambaye hakutia kitu, udongo aliukuta. Isitoshe, chokoleti ile ile chungu, ya kakao asilimia 70 hadi 85, ina magnesiamu kama miligramu 228 kwa gramu 100. Kakao ikizidi, lishe inapanda, na metali nazo zinaweza kupanda.

Mimi naona vipimo visiishie kwenye chokoleti iliyofungwa tayari. Vianzie pale punje zinapoanikwa, maana vumbi linalozifikia juani ni njia mojawapo kubwa ya risasi. Wenzetu wa Kyela wanaolima kakao, hii inawahusu: kuanika mbali na barabara, juu ya chanja, siyo chini. Gharama ya kupima wabebe wenye viwanda, wao ndio wenye faida nono. Risasi inaumiza ubongo wa mtoto, na mtoto hasomi lebo.

Nawasilisha. Mwenye hoja amwage hapo chini.