Mkono Mmoja Haulei Mwana: Historia Fupi ya Mkopo Usio na Riba na Malezi ya Watoto Wetu



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wameandika habari za maghala, za mizani, na za bei ya ufuta na mpunga. Mimi nimepewa kazi ya kuandika juu ya mikopo. Nimechagua upande mmoja wa jambo hilo ambao hauonekani katika vitabu vyetu vya hesabu, ingawa kila mkulima aujua nyumbani kwake: nao ni gharama ya kumweka mtoto mdogo mahali salama wakati mama yuko shambani, na mkopo usio na riba uwezao kuilipa gharama hiyo kabla ya mavuno.

Januari na Juni

Hapa Galula, katika bonde ambamo Mto Songwe hushuka kuelekea Ziwa Rukwa, tuna msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma yapata Aprili. Januari hadi Machi ni miezi ya kupanda na kupalilia, na mavuno huja Mei na Juni. Basi fedha ya mkulima ina miezi yake, wala haiji kwa kuitwa.

Lakini gharama ya mtoto haina subira hiyo. Mzazi atakaye kumpeleka mtoto wa miaka mitatu katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana hudaiwa kiingilio, ada ya muhula, sare, na mchango wa unga wa uji, na yote hayo hutakiwa kabla mtoto hajavuka kizingiti. Masomo hufunguliwa Januari, na Januari ndio mwezi ambao jembe lamhitaji mama kuliko miezi mingine yote, na mkoba wake mtupu. Mkulima huyo si maskini wa mwaka mzima. Ni maskini wa Januari.

Tuchukue mfano. Tuseme gharama zote za mwanzo ni shilingi 60,000, na mama akaazima fedha hizo kwa mkopeshaji wa mtaani atozaye asilimia 10 kwa mwezi. Kuanzia Januari hadi Juni ni miezi 5. Riba peke yake ni shilingi 30,000, yaani nusu ya deni lenyewe. Mama atatoa ufuta wake shambani kwa ajili ya mtoto, na theluthi ya fedha aliyolipa itakwenda kwa mtu asiyemjua hata jina mtoto huyo. Kwa sababu hiyo wengi hawakopi kabisa, na mtoto hubaki nyumbani mikononi mwa mtoto mwenziwe.

Neno hili silisemi kwa kusikia. Mimi niandikaye nililelewa na dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Kila msimu wa palizi aliacha darasa ili anibebe mgongoni, na msimu ulipokwisha alikuta wenzake wamekwisha mwacha nyuma. Mwishowe hakurudi tena. Mimi nilifika shule ya sekondari, na leo nashika kalamu ya Chama. Yeye hutia kidole gumba katika daftari la malipo ninaloliandika mimi. Wazazi wetu hawakuwa wavivu, wala hawakumchukia. Walikosa fedha kidogo kwa miezi michache.

Desturi ya kale

Kukopeshana bila riba si jambo geni lililoletwa na wataalamu. Wazee wetu walisaidiana kulima kwa ujima, na aliyelimiwa leo alilipa kwa kulima kesho, siku kwa siku, bila nyongeza. Upatu, ambao wengine huuita kibati au mchezo, ni namna hiyo hiyo kwa fedha: kila mmoja hutoa kiasi sawa, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Apokeaye kwanza amekopeshwa na wenzake, wala hawamdai zaidi ya alichopokea. Katika Kiswahili liko pia neno karadha, yaani mali ambayo mtu hupewa ili arudishe ile ile. Na vitabu vya dini zetu, Biblia na Kurani, vyote viwili vyakemea riba.

Hata waanzilishi wa ushirika duniani walisumbuliwa na swali hili. Wafumaji wa Rochdale katika Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, walikataa kabisa kuuza kwa mkopo, maana waliona jinsi madeni yalivyoua maduka ya ushirika yaliyowatangulia. Lakini wafumaji hao walipata ujira wao mwaka mzima. Katika Ujerumani, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa mkuu wa wilaya ya wakulima. Katika njaa ya mwaka 1846 na 1847 aliunda chama kilichowapa watu mkate kwanza, wakalipa baadaye. Mwaka 1864 akaunda chama cha kukopeshana katika mji wa Heddesdorf, kwa kuwa aliona kuwa mkulima avunaye mara moja kwa mwaka hawezi kuishi bila mkopo, na asipoupata kwa wenzake ataupata kwa mnyonyaji. Rochdale walitufundisha kuogopa deni. Raiffeisen alitufundisha kulitawala. Sisi wakulima twahitaji mafunzo yote mawili.

Ushirika na watoto katika nchi yetu

Katika Tanganyika sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaunda chama kikuu chao, KNCU. Kazi ya vyama hivyo ilikuwa kuuza mazao, lakini vile vilivyostawi havikuishia kwenye mizani. Fedha ya kahawa ilisaidia kusomesha watoto wa wanachama. Basi asemaye kwamba ushirika ni wa mazao tu, wala si wa watoto, hajaitazama vema historia yake.

Habari ya watoto walio wadogo zaidi ilikuja baadaye. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962, na Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wake wa kwanza. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wote wa nchi hii. Katika miaka ya vijiji vya ujamaa, Umoja wa Wanawake ulihimiza vituo vya kulelea watoto mchana, ili mama aende shambani huku mtoto akipata uji na mtu wa kumtunza. Mwaka 1981 Bunge likatunga sheria maalumu ya vituo hivyo, na mwaka 2009 mambo yake yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto.

Vituo vingi vya vijijini havikudumu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na nguvu ya vijiji ya kuchangia huduma ilipungua. Polepole gharama ikarudi juu ya mzazi mmoja mmoja. Kweli, Januari 2016 Serikali iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne, na darasa la awali limo. Lakini mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne bado hajafikia darasa hilo, na umri huo ndio wa kutambaa kuelekea moto na kukimbilia mtoni.

Asilimia kumi

Historia ya karibu ya mkopo wa namna hii yatuhusu sisi sote. Tangu miaka ya 1990 halmashauri zilitakiwa kutenga sehemu ya mapato yao ya ndani kuwakopesha wanawake na vijana. Kwa muda mrefu mikopo hiyo ilikuwa na riba, na utengaji ulitegemea hiari ya halmashauri. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 10 ikawa lazima, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu, na riba ikafutwa.

Lakini kufuta riba si kufuta deni, na wako waliochanganya mambo hayo mawili. Ukaguzi wa hesabu za Serikali ulionyesha mikopo mingi isiyorejeshwa, na hata vikundi visivyokuwako. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hiyo, na ikairudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda huo wa kungoja, vikundi vilivyolipa kwa uaminifu vilikosa pamoja na vile visivyolipa. Tulikumbuke funzo hilo.

Tena, mikopo ya halmashauri ni hasa ya vikundi, kwa shughuli za kuleta kipato. Haikuwekwa kwa ajili ya ada ya mtoto wa mtu mmoja. Kwa hiyo pengo la Januari bado liko wazi.

Jirani zetu wa Kenya nao waliunda Mfuko wa Uwezo mwaka 2013, ukopeshao vikundi bila riba kwa ajili ya biashara. Hata nchi tajiri zalijua pengo hili. Katika Uingereza vituo vingi vya watoto hudai amana na ada ya mwezi wa kwanza kabla mtoto hajaingia, ilhali mshahara wa kazi mpya haujapatikana. Baadhi ya waajiri wa London huwakopesha watumishi wao amana hiyo bila riba, wakaikata kidogo kidogo katika mshahara. Na wazazi wa kipato kidogo wapatao msaada wa Serikali ya huko walilazimika kwa miaka mingi kulipa kwanza ndipo warudishiwe, hata mwaka 2023 utaratibu ulipolegezwa ili waanzao kazi wasaidiwe mapema. Twaona basi kwamba ugonjwa ni ule ule: fedha ipo, lakini huchelewa kufika.

La kufanya

Dawa iko karibu nasi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo twaviita VICOBA, vina mifuko miwili. Mfuko wa hisa hukopesha kwa riba, na riba hiyo hugawiwa wanachama mwisho wa mwaka. Mfuko wa jamii hujazwa kwa mchango mdogo wa kila mkutano, nao husaidia wakati wa ugonjwa na msiba, ama kwa kutoa, ama kwa kukopesha bila riba. Kwa nini mfuko uliowekwa kwa ajili ya kuzika usiwe pia na fungu la kulea?

Naleta mbele ya vyama vyetu vya msingi shauri hili, lijadiliwe katika mikutano mikuu. Kila chama kitenge fungu dogo, mbali na fedha za mazao. Mwanachama mwenye mtoto asiyefikia umri wa darasa la awali akopeshwe gharama za mwanzo tu. Fedha ilipwe moja kwa moja kwa kituo kilichosajiliwa, na stakabadhi iletwe kwa katibu. Mkopaji adhaminiwe na wanachama wawili, naye atie sahihi kwamba deni likatwe katika malipo yake ya kwanza ya mazao. Na majina ya waliolipa na wasiolipa yasomwe mkutanoni, bila kumwacha kiongozi wala ndugu wa kiongozi.

Wako wazee waniambiao kwamba fedha isiyo na riba hupungua thamani, na kwamba wasio na watoto watabeba mzigo wa wenye watoto. Neno lao lina haki, na ndiyo sababu nasema fungu liwe dogo na muda uwe wa msimu mmoja. Lakini na tuhesabu upande wa pili pia. Mama apaliliaye kwa wakati huleta magunia mengi zaidi ghalani, na ushuru wa magunia hayo ndio unaolisha Chama, pamoja na sisi makatibu. Na yule binti wa miaka tisa anayebaki darasani leo ndiye mwanachama, mweka hazina, au mkaguzi wa hesabu wa miaka ijayo.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nasi tuna kazi ya kuonyesha kwamba yawezekana kulipa nako kukawa na heshima yake. Walisema pia mkono mmoja haulei mwana. Chama Kikuu chetu kina mikono mingi, na mwezi wa Januari hauko mbali. Shauri lipelekwe mikutanoni kabla mvua hazijaanza.