Kutoka Kiungani Hata Minaki: Habari za Chuo cha Mtakatifu Andrea

Wakristo wenzetu, nanyi walimu wa skuli zetu, yatupasa kukumbuka chuo kilichotutangulia sote, maana wengi katika wale waliowafundisha babu zetu kusoma na kusali walitoka humo.

Misioni ya Vyuo Vikuu ilianza kwa msiba. David Livingstone alinena na watu wa Cambridge mwaka 1857, akawasihi waikumbuke Afrika, nao wakaitika. Lakini Askofu Mackenzie alikufa kwa homa katika nchi ya mto Shire, mwezi wa Januari 1862, na baadhi ya wenzake wakafa vilevile. Askofu Tozer aliyemfuata akaona ya kuwa kazi hii haitasimama, isipokuwa Waafrika wenyewe waifanye. Basi mwaka 1864 akahamia Unguja pamoja na Dr. Edward Steere. Hazikupita siku nyingi, Sultani Majid akampa wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa.

Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Hawakuchaguliwa kwa mtihani wala kwa ukoo. Hawakuwa na baba wala mama wa kuwaulizia. Hata hivyo mmoja wao, John Swedi, aliwekwa shemasi mwaka 1879.

Wavulana walipozidi, wakakaa Kiungani, nje ya mji, na chuo kikapewa jina la Mtakatifu Andrea. Walisoma Maandiko, hesabu, Kiswahili na Kiingereza. Wengine walifundishwa kazi ya kupiga chapa. Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan alitoa kitabu cha habari walizosimulia wavulana wenyewe, jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, ndiye Mwafrika wa kwanza wa Misioni hii kupewa upadre, mwaka 1890, akatumika Chitangali kati ya Wayao.

Biashara ya watumwa ilipofifia, wanafunzi wakaja kutoka bara, kutoka Bonde na Masasi. Hapo ndipo kuchagua kulipoanza. Kila skuli ya kijiji ilikuwa na watoto wengi, na nafasi za Kiungani zilikuwa chache. Akachukuliwa aliyeonekana kufaa kuwa mwalimu. Frank Weston, aliyekuwa mkuu wa chuo kabla ya kuwa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908, alitaka wanafunzi wake wawe mapadre na walimu wa watu wao.

Lakini si wote waliofuata njia hiyo. Mshahara wa mwalimu wa Misioni ulikuwa mdogo, na Serikali ilitafuta makarani na wakalimani wajuao Kiingereza. Wako waliosikitika, wakasema chuo chafundisha watu wa kumpa mwingine. Tumtazame Martin Kayamba, mwana wa Kiungani. Alikuwa karani mkuu wa Serikali huko Tanga. Mwaka 1922 alianzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Je, huyo alipotea? Sisi twasema la. Mtu anenaye kwa ajili ya wenzake hakusoma bure.

Ikaja vita ya mwaka 1914. Wadachi waliwafunga Wamisioni Waingereza, na walimu wengi Waafrika wakatiwa minyororo, mpaka Tabora ilipotwaliwa mwaka 1916. Samuel Sehoza aliandika habari za kifungo chake katika kitabu kiitwacho Mwaka katika Minyororo, kilichotolewa mwaka 1921. Hapo ilijulikana ya kuwa elimu yao haikuwa ya kalamu tu.

Mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya kufa kwake Askofu Weston, chuo kikavuka bahari na kuja Minaki, karibu na Kisarawe. Kuacha Kiungani kulikuwa jambo zito, ila wanafunzi walio wengi walikuwa watu wa bara, na chuo kikawafuata kwao. Hatimaye Minaki ikawa skuli ya sekondari, mojawapo ya chache sana zilizokuwapo Tanganyika kwa Waafrika, na kuingia humo kulikuwa kwa kushindana.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka skuli za namna hii mikononi mwa Serikali, na leo Minaki ni skuli ya umma. Wako wazee waliohuzunika. Lakini tukumbuke mwanzo wake: wale watano hawakuulizwa dini ya baba zao walipopokelewa. Ikiwa leo mtoto wa Mwislamu na mtoto wa Mkristo huketi pamoja kwa kuwa wote wawili wamefaulu, jambo hilo halipingani na msingi uliowekwa.

Twamshukuru Mungu kwa waliochaguliwa. Nanyi walimu, msiwasahau wale ambao majina yao hayakusomwa, maana chuo hiki kilianzishwa kwa wavulana ambao hakuna aliyewachagua.