Ngoma Haina Idara

Hebu jiulize, ngoma ni nini? Ni chombo kinachopigwa. Ni mchezo unaochezwa. Na ni shughuli nzima, pamoja na waimbaji na watazamaji wake. Neno moja tu. Sasa sisi tuliosoma sanaa vyuo vya huku tulikuta kila fani na jengo lake: muziki huku, uchoraji kule, maigizo ng'ambo ya barabara. Halafu unaletewa somo la kushirikiana na fani nyingine, eti jambo jipya, na mifano yote ya Ulaya na Marekani. Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu Dar es Salaam.

Mwaka 1967 chuo kikuu cha pale, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha idara ya sanaa za maonyesho. Mwaka huohuo likatangazwa Azimio la Arusha, na swali likawa zito: msanii aliyesomeshwa kwa jasho la mkulima atamfaa nini mkulima? Katikati ya miaka ya 1970, uchoraji na muziki vikaunganishwa na maonyesho katika idara moja. Walimu kama Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua kama Penina Mlama, na Amandina Lihamba waliandika tamthilia, wakafundisha na kufanya utafiti.

Kazi yao inayonigusa zaidi ni ya Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 hadi 1983. Timu ya chuo haikwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Ilianza kwa kuwasikiliza wenyeji na kuuliza ni nini kinachowasumbua. Jambo moja lililojitokeza ni mimba za wasichana wa shule. Vijana wa pale wakalifanyia kazi kwa sanaa zao wenyewe, na baada ya onyesho watu wakajadili. Yaani utafiti, ngoma, maigizo na mkutano wa kijiji, vyote kazi moja.

Angalia jinsi hatua zilivyoshikana. Bila kuuliza vizuri, onyesho halina la kusema. Onyesho likichosha, hakuna atakayebaki kujadili. Na kwenye ngoma, mwalimu wa chuo hakuwa fundi. Fundi alikuwa mwanakijiji. Kwangu mimi hapo ndipo penye somo: kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na kazi isingekwenda bila hicho.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesoma sanaa huku, ukipewa kazi ya kikundi muhula huu, anza na swali hilo: hapa namhitaji nani, kwa lipi? Na ukiandika insha kuhusu historia ya kuchanganya fani, iweke Malya ndani. Usisubiri mhadhiri akutajie. Huenda hajawahi kuisikia, na wewe Kiswahili cha kuisoma unacho.