Ini, Panya na Kuvu ya Kyoto

Februari 1933, katikati ya theluji, mkulima Ed Carlson wa Wisconsin, Marekani, alisafiri karibu kilomita 300 hadi chuo kikuu mjini Madison akiwa na mtamba aliyekufa na kopo la maziwa lililojaa damu iliyogoma kuganda. Mifugo yake ilikuwa imekula majani makavu ya klova yaliyoota kuvu. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake waliisaka sumu iliyokuwa kwenye majani hayo hadi wakaipata 1939. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa wafarini, iliyoingia sokoni 1948 kwa ajili ya kuulia panya. Mwaka 1955 Rais Eisenhower, baada ya mshtuko wa moyo, naye akawa anaimeza kama dawa ya kuzuia damu isigande.

Wafarini hufanyia kazi yake kwenye ini. Huko huzuia vitamini K isirudi kutumika, na ini likashindwa kukamilisha protini za kugandisha damu. Ini hilohilo ndilo linaloivunja na kuiondoa mwilini.

Nchini Japani, Akira Endo wa kampuni ya Sankyo alipekua maelfu ya kuvu. Mwaka 1973, ndani ya kuvu iliyoota kwenye mchele wa Kyoto, alipata kemikali inayozuia lehemu isitengenezwe, nayo mlengwa wake mkuu ni ini. Ndiyo chimbuko la statini, dawa za kupunguza lehemu. Lovastatini ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, madaktari walilihofia ini, wakawapima wagonjwa vimeng'enya vyake mara kwa mara. Hofu ilikuwa na mantiki, lakini ilidumu mno: 2012 tu ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoacha kudai vipimo vya kila mara, kwa kuwa madhara makubwa ya ini ni nadra.

Wafarini na statini zikimezwa pamoja, mgongano wao huonekana kwenye damu. Fluvastatini huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja wafarini. Simvastatini na rosuvastatini nazo zaweza kupandisha INR, kipimo cha muda wa damu kuganda. Ini la mgonjwa laweza kuwa salama kabisa huku fizi zikivuja damu na mkojo ukigeuka mwekundu.

Kejeli ni kwamba dawa iliyotarajiwa kuchukua nafasi ya wafarini na kuwaondolea wagonjwa adha ya kupima INR, ksimelagatrani, ndiyo iliyoliumiza ini kweli. Kampuni ya AstraZeneca iliiondoa sokoni 2006.

Afrika Mashariki, miongoni mwa wanaomeza wafarini wapo vijana waliowekewa valvu bandia baada ya homa ya baridi yabisi kuharibu moyo. Daktari akimwongezea mmoja wao statini, au akibadilisha dozi, INR irudiwe mapema, bila kungoja kliniki ya mwezi ujao. Vimeng'enya vya ini hupimwa kabla ya kuanza statini, kisha pale macho yanapogeuka manjano, mkojo unapokuwa kama chai ya rangi, au uchovu usioeleweka unapozidi.