Buck O'Neil

John Jordan "Buck" O'Neil (13 Novemba 1911 – 6 Oktoba 2006) alikuwa mchezaji, meneja na msaka vipaji wa besiboli nchini Marekani. Alizaliwa Carrabelle, Florida, akakulia Sarasota, ambako alifanya vibarua katika mashamba ya selari. Shule ya sekondari ya mji huo haikupokea vijana weusi.

Ligi kuu nazo ziliwafungia milango, hivyo mwaka 1938 alijiunga na Kansas City Monarchs ya Negro American League, ligi ya wachezaji weusi, akicheza besi ya kwanza. Baada ya kutumikia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliiongoza timu hiyo kuanzia 1948 hadi 1955.

Mchango wake mkubwa zaidi ulikuja alipovua jezi. Akiwa msaka vipaji wa Chicago Cubs, alizunguka vyuo vya watu weusi vya Kusini, na katika Chuo Kikuu cha Southern, Louisiana, akamwona mchezaji Lou Brock na kumsajili. O'Neil alitegemea sikio sawa na jicho: alisimulia kwamba mlio wa kipekee wa gongo likikutana na mpira aliusikia kwa watu watatu tu, Babe Ruth, Josh Gibson na Bo Jackson.

Mwaka 1962 Cubs walimfanya kocha mweusi wa kwanza katika ligi kuu, lakini, kwa dhuluma iliyo wazi, hawakumpa nafasi ya kuelekeza wakimbiaji uwanjani. Aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli, Cooperstown, mwaka 2022, miaka 16 baada ya kufariki.