SARAFU ZA BIBI ZETU ZINASEMA NINI?



Tulipokuwa tunajitayarisha kwa sherehe hii ya miaka kumi ya kikundi chetu, mama mmoja alikuja mkutanoni na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na sarafu tatu alizoachiwa na bibi yake. Mweka hazina akacheka, akasema, "Mama, hizi hata kiberiti hazinunui." Ni kweli hazinunui. Lakini tulizipokezana mkono kwa mkono, na mazungumzo yakawa marefu. Basi tukaona tuyaandike, watoto wetu wasome.

Sarafu ya kwanza ni ya Mjerumani, ina taji la mfalme wake. Iliitwa heller, na 100 zilifanya rupia moja. Kwenye rupia yenyewe alikuwapo Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya vita. Mjerumani aliondoka zamani, lakini jina limebaki mdomoni: Kiswahili tunasema hela, na wenzetu Warundi wanasema amahera.

Pesa hizo hazikuja kwa wema. Kuanzia miaka ya 1897 na 1898 Mjerumani alitoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Zamani huku watu walibadilishana kwa majembe, shanga na chumvi ya Uvinza. Sasa ilitakiwa sarafu yenye taji. Na mtu mwenye wake wengi, kila mke ana nyumba yake, kila nyumba ina kodi yake. Kwa hiyo nyumba iliyohesabiwa ilikuwa ya mama! Baadaye, wakati wa Mwingereza, wanaume wa Kigoma walikwenda mbali mpaka Tanga kukata mkonge. Wakaitwa manamba, maana mtu alijulikana kwa namba. Shamba lilibaki na nani? Na sisi wanawake.

Sarafu ya pili ni ya Mbelgiji, ina tundu katikati. Upande mmoja ni nyota, upande wa pili ni herufi ya jina la mfalme wake. Wengi wetu tumetoka Kongo, tunajua habari ya mfalme Leopold wa Pili, pembe za ndovu na mpira. Mbelgiji alichora pia mchikichi kwenye faranga, na mwaka 1943 akatoa faranga 2 yenye pembe sita na picha ya tembo. Hata hapa Kigoma alitawala, tangu vita vya 1916 mpaka 1921, ndipo akamwachia Mwingereza.

Sarafu ya tatu ni ya Mwingereza, senti 10, nayo ina tundu. Kando ya tundu zimechorwa pembe za ndovu, na upande wa pili taji. Shilingi yake ya 1921 ilikuwa na simba na milima, na nyuma kichwa cha mfalme George wa Tano.

Tuliziweka zote tatu mezani, tukaona jambo moja. Walichora tembo, simba na mchikichi, yaani mali ya nchi. Walichora wafalme wao. Mtu wetu hayupo.

Uhuru ulipokuja, picha zilibadilika. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa sarafu zake zenye sura ya Mwalimu Nyerere. Senti 50 ikawa na sungura, na shilingi ikawa na Mwenge wa Uhuru. Lakini tazameni sarafu tunazoshika sokoni, za shilingi 50, 100, 200 na 500. Ziko sura za Mwinyi, Nyerere na Karume, wako faru na nyati. Mama hayupo bado.

Tena tumejifunza kwamba sura ya mkubwa hailindi akiba. Wenzetu waliovuka ziwa mwaka 1996 walikuja na noti za zaire zenye Mobutu na kofia yake ya chui, wamezishonea ndani ya vitenge. Mwaka 1998 Kongo ikaleta faranga mpya, na noti zile zikawa karatasi za watoto kuchezea. Mama aliyepoteza hivyo, ukimwambia aweke akiba tena, atakuangalia tu. Ndiyo maana mwanzoni wengi waliogopa kununua hisa.

Sanduku letu halina picha ya mfalme wala ya rais. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa mama watatu. Tunahesabu mbele ya wote, na kila mmoja anakumbuka kilichobaki wiki iliyopita. Kwa miaka kumi, hiyo ndiyo imetulinda.

Sarafu zile tatu tumemrudishia mwenyewe. Tumemwomba asiziuze, awape wajukuu pamoja na habari zake. Haba na haba hujaza kibaba.